Mafiga matatu mara tatu: shajara ya safari ya miguu kutoka Vaals hadi Schengen

28 Machi 2025, Aachen. Bado sijaanza

Kwetu Mtwara chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Nimekua nayo, nimeyasogeza, nimeunguza vidole kwa ajili yake. Kwa hiyo mzee mmoja ninayemhudumia hapa Aachen aliponiambia kwamba juu ya kilima cha Vaalserberg kuna jiwe ambapo Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani zinakutana, picha iliyonijia ilikuwa ya jiko.

Nilikwenda kuliona. Niliporudi nikafungua ramani, nikakuta kwamba ukishuka kusini kuna jiko la pili: Ouren, kwenye mto Our, ambako Ubelgiji, Ujerumani na Luxembourg zinakutana. Ukizidi kufuata maji unafika la tatu: Schengen, kwenye mto Moselle, ambako Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa zinakutana. Jumla nchi tano, na ndizo hizohizo tano zilizotia saini Mkataba wa Schengen, wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka yao, tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli ya abiria iitwayo Princesse Marie-Astrid, hapohapo mtoni. Usiku ule usingizi ulinipaa.

Basi mradi ni huu: kutembea kutoka jiko la kwanza hadi la tatu, kwa vipande, kila nikipata siku za mapumziko kazini. Kwenye ramani nimepima kilomita 265 hivi. Sehemu nyingine zina njia zilizokwisha wekewa alama, kama ile GR 5 inayotoka pwani ya Uholanzi mpaka Nice. Nyingine nitaziunga mwenyewe.

Nakwenda na Yaya. Namwita hivyo kwa sababu ndivyo wanavyomwita dada mkubwa kwao Lubumbashi. Yeye ameishi Liège tangu ujana wake, anapika kwenye jiko la shule, na ni mtu wa kutembea kwelikweli. Ana pasi ya Ubelgiji. Mimi nina pasi ya Tanzania na kadi ya ukaazi ya Ujerumani, ambayo inaniruhusu kuwa katika nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Pasi na kadi nimevitia kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko nimeutia kifuani ndani ya koti. Kila nitakapoombwa kuvitoa, nitaandika humu.

5 Aprili. Vaals – Kelmis – Eupen, kilomita 21

Idi imepita juzijuzi, mwili bado mwepesi. Vaalserberg una mita 322 tu, lakini Uholanzi ya Ulaya haina mahali palipo juu zaidi. Natoka nchi ya Kilimanjaro, ila sikuona sababu ya kulinganisha: mtoto mmoja wa Kiholanzi alikuwa anapanda hatua za mwisho akizihesabu kwa sauti, na kwake ulikuwa mlima.

Hapa zamani zilikutana nchi nne. Ya nne iliitwa Moresnet, na hadithi yake ni ya mgodi. Baada ya Napoleon kushindwa, wafalme wa Uholanzi na Prusia, dola la Kijerumani la wakati huo, waligawana ardhi lakini wakashindwa kukubaliana nani achukue mgodi wa zinki wa Kelmis. Mwaka 1816 wakaamua eneo hilo dogo lisiwe la yeyote. Likakaa hivyo zaidi ya miaka mia moja, kipande cha kilomita za mraba tatu na kitu, hadi Ubelgiji ilipolichukua mwaka 1920. Mwaka 1908 daktari mmoja wa hapo, Wilhelm Molly, alitaka kulifanya dola la watu wanaosema Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, na jina lake liwe Amikejo, yaani mahali pa urafiki. Mgodi umekwisha. Jina la barabara inayopanda kilimani kutoka Vaals bado linataja mipaka minne.

Mawe ya mpaka wa Moresnet bado yamo msituni. Tulifuata mstari wake, Yaya mbele. Kila jiwe aliligusa kichwani kama mtu anayewaamkia watoto. Mengi yamelala upande, yameota kuvumwani, mimea midogo laini ya kijani, na mizizi ya miti imeyainua kutoka chini. La sita au la saba lilikuwa katikati ya njia kabisa, juu yake mtu ameacha chupa ya maji nusu. Tuliondoka bila kuigusa, huenda mwenyewe atarudi.

Karibu na Kelmis ardhi bado ina zinki, na kuna ua dogo la njano la jamii ya urujuani linalopenda udongo wa aina hiyo, ambao mimea mingi haiwezi. Yalikuwa yameanza machache. Nilipiga magoti nikayatazama kwa muda mrefu kuliko jiwe lile la nchi tatu.

Eupen saa kumi na moja jioni. Ni mji wa Kibelgiji unaozungumza Kijerumani, makao ya serikali ya Jumuiya ya Wazungumzaji wa Kijerumani wa Ubelgiji. Mwenye duka la mikate alisema na mimi Kijerumani, na Yaya Kifaransa, bila kutuuliza lolote. Pasi: sijaombwa.

26 Aprili. Eupen – Baraque Michel, kilomita 17

Nyumbani leo ni Sikukuu ya Muungano. Nimetembea siku nzima nikifikiri juu ya nchi zinazoungana na nchi zinazogawanywa, lakini zaidi nimefikiri juu ya miguu, maana kutoka Eupen njia ni kupanda tu, kando ya kijito chenye maji ya rangi ya chai ya rangi. Rangi hiyo inatoka juu, kwenye nyika ya mboji wanayoiita Hautes Fagnes. Ardhi yake ni kuvumwani lililofyonza maji na kuoza polepole kwa maelfu ya miaka. Ukikanyaga pembeni, mguu unazama hadi gotini.

Mpango ulikuwa tufike Baraque Michel, halafu tuvuke nyika kwa njia za mbao. Tulipofika tulikuta bendera nyekundu imepandishwa. Maana yake hakuna kuingia. Mboji ikikauka majira haya huwaka, na moto wake huzama chini ya ardhi. Aprili 2011 eneo kubwa liliteketea. Kuna pia ndege wanaotaga humo, ambao wamebaki wachache. Yaya alitaka twende kidogo tu pembeni. Nilikataa. Tulinuniana robo saa, kisha tukagawana chapati zangu za kumimina na sambusa zake.

Ili siku isipotee tulifuata barabara hadi Botrange, nje ya hesabu ya mradi. Hapo ndipo mahali pa juu kabisa pa Ubelgiji, mita 694. Lakini mpaka Vita vya Kwanza heshima hiyo ilikuwa ya Baraque Michel, kwa sababu Botrange ilikuwa Prusia. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga vita hivyo, ndio uliowapa Wabelgiji wilaya za Eupen na Malmedy, na kilele kikahama. Mtawala wao wa kwanza hapa, Jenerali Baltia, mwaka 1923 alijenga kichuguu cha mita sita chenye ngazi, ili mtu asimame kwenye mita 700 kamili. Tulipanda.

Nikiwa juu yake nilimsimulia Yaya jambo ambalo ndilo lililonitoa nyumbani, ingawa mwanzo sikuliandika. Kwa mkataba huohuo Ujerumani iliacha makoloni yake yote. Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, Ruanda-Urundi kwa Wabelgiji, na pembe ndogo kusini ya mdomo wa Ruvuma, inayoitwa Kionga, ikaenda kwa Wareno. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Kionga. Ndugu zake walikuwa ng'ambo zote mbili za mto. Mwaka 1965, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipopamba moto, alivuka Ruvuma usiku kwa mtumbwi na watoto wawili, akawa mkimbizi katika nchi ambayo babu yake hakuiita nchi nyingine.

Huku Eupen na Malmedy wakazi waliulizwa. Mwaka 1920 waliambiwa kwamba asiyetaka kuwa Mbelgiji aende akaandike jina lake hadharani kwenye daftari, mbele ya maofisa. Waliothubutu walikuwa 271 kati ya zaidi ya 33,000. Yaya alisikiliza, akasema, "Bibi yako, yeye balimuuliza?" Hakuulizwa. Hakuna daftari lililofika Kionga.

24–25 Mei. Baraque Michel – Mützenich – Sourbrodt, kilomita 31

Bendera imeshuka. Mvua ya wiki nzima imetusaidia.

Nyuma ya Baraque Michel kuna kanisa dogo, Fischbach, lenye taa juu ya mnara. Ukungu ukishuka hapa mtu haoni kidole chake, kwa hiyo zamani walipiga kengele na kuwasha taa ili wasafiri wajue pa kuelekea. Kutoka hapo njia ya mbao inaingia nyikani. Mbao ni nyembamba, upana wa viatu viwili, na katikati ya kila ubao wamepigilia wavu wa waya ili usiteleze. Waya ukikatika unasikia kiatu kinavyosugua mti mtupu, na hapo ndipo unapunguza mwendo.

Haukupita muda tukafika kwenye msalaba. Watu wa hapa wanauita Msalaba wa Wachumba. Januari 1871 kijana François Reiff, kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la Gileppe, na mchumba wake Marie Solheid waliondoka Jalhay, upande wa Ubelgiji, kwenda kijijini kwa Marie, Xhoffraix, ambako kulikuwa Prusia. Walikuwa wanafuata karatasi za ndoa. Theluji ikawakuta katikati. Mwili wa Marie ulipatikana Machi theluji ilipoyeyuka, karibu na jiwe la mpaka. Wa François ulikuwa mbali zaidi.

Jiwe lenyewe lipo, hatua chache kutoka msalabani. Upande mmoja limechongwa B, upande wa pili P. "B ni Belgique, njo naelewa," Yaya akasema. "P ni nani?" Nikamwambia ni Prusia. Akauliza Prusia iko wapi sasa. Haipo, nikasema, ilifutwa.

Nilikaa chini kwenye ubao. Nimesimama kwenye foleni za karatasi, najua ubaridi wake. Mara moja nilisafiri saa nne kwenye treni kwa ajili ya muhuri mmoja, nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Marie na François walikuwa na kilomita chache tu mbele yao, na kitu walichokuwa wanakifuata kilikuwa ruhusa ya kuoana. Mtu ameacha maua ya plastiki msalabani, na mwingine ameacha pete ya bati. Nilisoma Fatiha. Yaya alipiga ishara ya msalaba, kisha akatoa kitambaa akafuta B na akafuta P.

Kutoka hapo hadi Mützenich ni mwendo mrefu na sina mengi ya kuandika, ila kwamba mvua ilirudi na kwamba alama za njia zilizopakwa kwenye miti, mstari mweupe juu na mwekundu chini, zilituokoa mara tatu. Ukiona msalaba wa rangi hizohizo, umekosea, rudi.

Mützenich ni kijiji cha Ujerumani kilichozungukwa na Ubelgiji pande zote. Sababu ni reli. Prusia ilijenga reli ya Vennbahn kutoka Aachen kwenda kusini, na baada ya vita Wabelgiji wakapewa reli nzima, hata pale inapopita ndani ya ardhi ya Kijerumani. Kwa hiyo vipande vya Ujerumani vilivyobaki magharibi ya reli vimekuwa visiwa. Viko vitano mpaka leo, na kimoja, Rückschlag, ni nyumba moja na bustani yake. Treni zimekwisha, reli imegeuzwa njia ya baiskeli ya kilomita 125 hadi Troisvierges, lakini lami hiyo bado ni Ubelgiji. Nilisimama nimepanua miguu, kiatu cha kushoto kwenye majani ya Ujerumani, cha kulia kwenye lami ya Ubelgiji. Upana wa nchi hapo ni baiskeli mbili zinazopishana.

Tulilala kwenye chumba cha kupanga, na mama mwenye nyumba alitukaangia mayai akatusimulia habari za kahawa. Baada ya Vita vya Pili kodi ya kahawa Ujerumani ilikuwa kubwa mno, Ubelgiji ilikuwa ndogo, na mpaka ulikuwa nyuma ya zizi. Tangu 1945 hadi kodi iliposhushwa mwaka 1953, watu wa vijiji hivi walivusha kahawa kwa magendo usiku, wanawake na watoto wakiwemo. Askari wa forodha walifyatua risasi, na waliokufa walikufa kwa ajili ya buni. Katika kijiji cha Schmidt, si mbali na hapa, kanisa lililobomolewa na vita lilijengwa upya kwa michango iliyotokana na biashara hiyo, na watu bado wanaliita Sankt Mokka. Mama yule alisema wazazi wake hawakulizungumza jambo hili mpaka walipozeeka.

Jioni ya pili tulimalizia Sourbrodt. Yaya akarudi Liège, mimi nikapitia Eupen nikachukua basi la Aachen. Tangu 16 Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Basi lilisimamishwa. Askari wawili walipanda, wakapita viti vyote, wakasimama kwangu. Tulikuwa abiria kama ishirini. Niliyeombwa karatasi nilikuwa mimi peke yangu. Nilitoa mfuko kifuani, askari kijana akasoma, akanirudishia kwa adabu, akanitakia jioni njema. Hakunikosea neno. Lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka nyumbani, na tope la mpaka uliofutwa lilikuwa bado kwenye viatu vyangu.

Pasi: mara 1.

19–21 Juni. Sourbrodt – St. Vith – Ouren, kilomita 53

Siku ya kwanza, joto. Waimes, kisha vilima vya malisho na ng'ombe. Siku ya pili asubuhi nilimwambia Yaya, "Nina malengelenge kwenye kisigino." Akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na mshangao. Kwao lengalenga ni mchicha. Tulipoelewana tulicheka mpaka tukakaa chini, kisha akaniosha mguu kwa maji ya chupa, akatoboa kwa sindano aliyoipitisha kwenye moto wa kiberiti, akaacha ngozi ya juu isitoke, akafunga plasta. Tangu siku hiyo soksi navaa mbili, ya ndani nyembamba na ya nje nzito, na kila tukisimama navua viatu miguu ikauke. Nimejifunza kuchelewa dakika kumi.

St. Vith ina majengo mapya yote, na hilo lina sababu. Desemba 1944 Wajerumani walivuka mto Our kwa shambulio lao la mwisho upande huu, mji ukashikwa, na wakati wa Krismasi ndege za Washirika, waliokuwa wakipigana na Ujerumani, ziliupiga mabomu hadi ukabaki kifusi. Mnara mmoja wa mawe, Büchel, umesimama peke yake. Niliuzunguka mara mbili.

Tarehe 21, saa nane mchana, Ouren. Jiko la pili. Mto ni mdogo, unaweza kuuvuka kwa miguu maji yakiwa machache, na daraja dogo linakupeleka. Kuna mawe makubwa ya ukumbusho yenye majina ya viongozi waliojenga Ulaya mpya, Adenauer, Schuman, Bech na Spaak. Hakukuwa na mtu mwingine isipokuwa mzee aliyevua viatu na kutia miguu majini. Tulifanya kama yeye. Yaya alitoa bukari baridi, ugali wa kwao, alilolifunga kwenye karatasi ya alumini, na dagaa wa kukaanga. Tulikula miguu ikiwa majini, na sikujua ilikuwa katika nchi gani.

Kilomita 122 zimekwisha. Pasi: bado mara 1.

29 Julai – 1 Agosti. Ouren – Vianden – Echternach, kilomita 77

Kipande hiki ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Bonde la Our limechimbika sana, misitu inashuka mpaka majini, na njia inapanda na kushuka kama kamba iliyolegea. Siku mbili tulikutana na watu wanane, nimewahesabu. Kupiga hema porini hapa hakuruhusiwi, kwa hiyo tulilala viwanja vya mahema karibu na mto, na usiku wa kwanza bundi alikaa juu yetu akilia mpaka Yaya akasoma zaburi.

Kuhusu mto wenyewe. Nilidhani mpaka wa Ujerumani na Luxembourg unapita katikati ya maji, kama ilivyo mahali pengi. Kumbe hauna katikati. Kwa makubaliano yaliyoanza baada ya Napoleon na kuandikwa upya mwaka 1984, maji ya Our, Sauer na Moselle yanapopakana nchi hizi mbili ni mali ya wote wawili kwa pamoja, ukingo hadi ukingo. Ukiogelea hapo uko Ujerumani na Luxembourg kwa wakati mmoja. Yaya akauliza, "Basi samaki ya mule ndani ni ya nani?" Swali zuri, na lina jibu: leseni ya kuvulia ni ya pamoja.

Nilimpigia mama Mtwara jioni ile nikamweleza. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe inawezekana." Mimi nilikuwa nikifikiria Ruvuma, na Ziwa Nyasa pia, ambalo sisi na Malawi kwa miaka mingi hatujakubaliana mstari upite ufukweni au katikati. Yeye alikuwa anamfikiria mama yake ndani ya mtumbwi.

Vianden tulifika tumelowa, ngome ikiwa juu ya mawingu. Karibu na daraja kuna nyumba ambayo Victor Hugo, mwandishi wa Kifaransa, aliishi alipokuwa uhamishoni mwaka 1871, miezi michache baada ya wale wachumba kufa nyikani. Kwa Wallendorf Our inaingia Sauer, bonde linapanuka, mahindi yanaanza. Echternach ni mji wa abasia, yaani nyumba ya watawa, iliyoanzishwa na Mtakatifu Willibrord mwaka 698. Kila Jumanne baada ya Pentekoste watu huandamana wakirukaruka kwa muziki hadi kaburini kwake. Sisi tulifika tukichechemea. Mabasi na treni za Luxembourg ni bure tangu 2020, na sijawahi kukipenda kiti cha basi kama siku hiyo.

12–14 Septemba. Echternach – Wasserbillig – Schengen – Apach, kilomita 68

Viatu vipya kwa Yaya, soli mpya kwangu.

Wasserbillig, Sauer inapoingia Moselle, ni mfululizo wa vituo vya mafuta. Magari ya Ujerumani yamepanga foleni. Niliingia dukani kununua maji, nikakuta ukuta mzima wa pakiti za kahawa, mpaka darini. Luxembourg haitozi kodi ya kahawa. Ujerumani bado inatoza, euro 2.19 kwa kilo ya buni zilizokaangwa. Mama mmoja mbele yangu alijaza pakiti kumi kwenye kikapu, akalipa kwa kadi, akapeleka garini mchana kweupe. Nilimkumbuka mama wa Mützenich na mayai yake.

Siku mbili za Moselle ni tambarare, njia ya kando ya mto upande mmoja na mizabibu upande wa pili. Mavuno yalikuwa yameanza. Wavunaji walituita, wakatupa kishada cha zabibu nyeupe kilichojaa vumbi na utamu.

Jumapili saa sita mchana, Schengen. Kijiji ni kidogo, nilitarajia zaidi, halafu nikafurahi kwamba ni kidogo. Princesse Marie-Astrid imerudishwa mwaka huu, miaka arobaini baada ya saini, imefungwa gatini. Niligusa ubavu wake kama Yaya anavyogusa mawe. Machi 2020, wakati wa korona, daraja la hapa liliwekewa vizuizi, na watu waliozoea kuvuka kwenda kununua mkate wakajikuta wamekatwa na ndugu zao kwa miezi miwili. Mtu wa jumba la makumbusho alilizungumza hilo kwa uchungu kuliko jambo lingine lolote.

Jiko la tatu halina jiwe la kugusa. Nchi tatu zinakutana majini, mbele kidogo ya daraja. Tuliegemea ukingo wa daraja tukaangalia mahali penyewe. Palikuwa na bata.

Upande wa Perl, Ujerumani, ng'ambo ya daraja, kulikuwa na gari la ukaguzi na askari wawili. Nilijikuta nimeshika kifua. Walikuwa wanasimamisha magari. Sisi wenye mabegi na fimbo walitupungia tupite. Robo saa baadaye tulikuwa Apach, Ufaransa, tumekaa kwenye benchi la kituo cha treni.

Hesabu: kilomita 267. Nchi tano. Pasi na kadi kwa miguu, mara 0. Kwa basi, mara 1. Nilifungua mfuko kuvitazama, vilikuwa vikavu kabisa.

Yaya anataka mwakani tuendelee na Moselle mpaka Metz. Nimemkubalia. Kabla ya hapo nimeomba likizo ya Desemba. Kionga siwezi kufika, mkoa wake wa Cabo Delgado, Msumbiji, haujatulia tangu 2017 na mama hataki hata kusikia. Ila nitatembea kutoka Mtwara mjini hadi kivuko cha Kilambo kwenye Ruvuma, kwa siku mbili, ili nisiharakishe. Mama amesema atakuja kwa bodaboda anisubiri ukingoni na chakula, na kwamba atanionyesha mahali mtumbwi ulipotia nanga.